Kujipanga au Kupangwa? Polima za Mapande na Suala la Istilahi

Makala hii inanuia kueleza jambo la kemia ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hakutani nalo mara nyingi, yaani jinsi polima za mapande zinavyojipanga zenyewe. Tumelichagua kwa kuwa neno moja likichaguliwa vibaya hapa, mantiki yote ya jambo lenyewe humpotea msomaji.

Polima ni molekuli ndefu mfano wa mnyororo, ambao pingili zake ni molekuli ndogo zilizofungamana. Hoja hii ilitolewa na Mjerumani Hermann Staudinger mwaka wa 1920, naye akapingwa vikali na wanakemia wenzake. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka wa 1953. Iwapo sehemu moja ya mnyororo ni pingili za aina A tupu, na sehemu iliyosalia ni za aina B, hiyo ndiyo polima ya mapande mawili. Mwaka wa 1956, Michael Szwarc alionyesha namna ya kukuza minyororo ambayo ncha zake hubaki hai, hata pande la pili liweze kuendelezwa pale la kwanza lilipoishia.

Ikumbukwe kwamba polima mbili tofauti zikitiwa pamoja, aghalabu hutengana kama mafuta na maji. Molekuli ndogo huwa na namna nyingi mno za kutawanyika, ilhali minyororo mirefu haina uhuru huo. Hivyo, hata uhasama mdogo baina ya pingili na pingili hujumlika ukawa mkubwa. Sasa tuwatazame A na B wa mnyororo mmoja. Wahenga walikwisha kutuambia kuhusu fahali wawili na zizi moja; hawa wetu, juu ya kuwa zizini, wamefungwa kamba moja. Kila mmoja huenda umbali ambao kamba inaruhusu, basi. A hukusanyika na A wa minyororo jirani, B na B, na fundo la kamba hubaki mpakani. Kwa sababu hiyo maeneo yao hayawezi kupanuka kupita urefu wa mnyororo wenyewe: kwa kawaida ni kati ya nanomita 10 na 100, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Umbo litokanalo hutegemea uwiano wa mapande. Yakilingana, hupatikana matabaka ya A na B kwa zamu. Pande la A likipungua, A huwa nguzo ndani ya B. Likipungua zaidi, huwa tufe. Baina ya matabaka na nguzo kuna upenyo mwembamba wa umbo la ajabu liitwalo jairoidi, lenye mitandao miwili ya njia inayopitana pasipo kukutana kamwe. Alan Schoen alilieleza kihisabati mwaka wa 1970. Katika polima za mapande lilitambuliwa mwaka wa 1994.

Mpangilio huu hauji bila masharti. Ludwik Leibler alionyesha mwaka wa 1980 kwamba, kwa mapande yaliyo sawa, tukizidisha kipimo cha uhasama kwa idadi ya pingili, jibu lazima lipite takriban 10.5. Lisipofika, A na B huchangamana ovyo. Kwa polima nyingi joto hupunguza uhasama, kwa hiyo zikipashwa vya kutosha mpangilio huvunjika.

Hapa ndipo tunapolikataa neno "mchanganyiko". Githeri ni mchanganyiko: maharagwe yanaweza kuchaguliwa yakawekwa kando, na mahindi hayatadhurika. Chukua mfano wa polima ya mapande matatu itumiwayo katika soli za viatu, yenye polisitirini kwenye ncha zote mbili na polibutadini katikati. Ncha ngumu hukusanyika zikawa vifundo vinavyoshikilia sehemu laini, nayo soli ikanyumbuka kama mpira. Ikipashwa zaidi ya nyuzijoto 100 hivi, vifundo hulegea na soli huweza kufinyangwa upya, jambo lisilowezekana kwa mpira uliofungwa kwa salfa kwa njia aliyoisajili Charles Goodyear mwaka wa 1844. Kama plastiki na mpira hapa vingekuwa vimechanganywa tu, pasipo fundo, soli hiyo isingekuwapo.

Na kitenzi je? "Hupangwa" hudai mpangaji, naye hayupo. "Hupangika" huweza kueleweka kuwa ni uwezekano tu. "Hujipanga" ndicho tunachokipendelea. Atakayelalamika kwamba kiambishi -ji- kinazipa molekuli nia na akili, akumbuke kuwa maji hujitafutia njia na jeraha hujifunga, wala hatujawahi kuyadhania kuwa na akili.

Umebaki utengano wenyewe. "Mtengano mdogo" hautufai, maana mwanafunzi atadhani A na B wametengana nusunusu, ilhali wanaweza kuwa wametengana kabisa. Kilicho kidogo ni umbali. Tunapendekeza "mtengano wa masafa mafupi", ingawa ni refu kuliko tulivyotaka.