Taarifa Zako Zikivuja, Jihadhari na Baruapepe Inayokujua kwa Jina

"Ile hela itume kwenye namba hii." Ni nadra kumpata mwenye simu Tanzania ambaye hajawahi kupokea ujumbe huo, na wengi huufuta huku wakicheka. Tapeli wa namna hiyo anabahatisha. Hajui jina lako wala hajui kama unadaiwa na mtu. Anatumaini tu kwamba kati ya wengi aliowatumia, yupo ambaye kweli alikuwa anajiandaa kutuma hela.

Mambo hubadilika pale kampuni uliyowahi kununua kwake, au kujisajili kwake, inapoibiwa kumbukumbu za wateja. Wezi huondoka na jina lako kamili, baruapepe, namba ya simu, pengine na tarehe ya kuzaliwa na orodha ya ulivyonunua. Baruapepe itakayofuata haitaanza na "Ndugu mteja". Itakutaja kwa jina, itaonyesha namba ya oda yako na itavaa nembo ya kampuni. Basi kanuni ya kwanza baada ya uvujaji ni hii: mtu kuzijua habari zako si ushahidi kwamba ndiye anayejidai kuwa.

Habari ya wizi hugeuka chambo

Mwaka 2020, Ledger, kampuni ya Ufaransa inayouza vifaa vya kuhifadhia sarafu za kidijitali, iliibiwa orodha ya wateja wake. Baadaye orodha hiyo iliwekwa hadharani: anwani za baruapepe zipatazo milioni moja, na wateja wasiopungua 270,000 wakiwa na majina, simu na makazi yao. Wateja walianza kupokea baruapepe za kuwatahadharisha kwamba mali zao ziko hatarini, na kuwataka wapakue toleo jipya la programu. Programu ile ilikuwa ya wezi, nayo ilidai maneno ya siri yanayofungua akiba ya mteja. Mwaka 2021 wengine walitumiwa hadi vifaa bandia kwa posta.

Ujumbe wenyewe ulijifanya onyo la usalama. Mtu aliyekwisha kusikia kwamba kampuni imeibiwa huwa na wasiwasi, na wasiwasi humharakisha. Kwa hiyo ukisoma "akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24" au "thibitisha sasa upate fidia", hapo ndipo pa kutulia.

Taarifa ya kweli ya uvujaji nayo huweza kuja kwa baruapepe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data inaitaka taasisi iliyovujisha, pale penye hatari ya kweli ya madhara, imjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 na kuwajulisha wahusika pia. Taarifa ya kweli hukueleza kilichovuja na hatua zilizochukuliwa. Haina sababu ya kukuomba nywila, namba ya siri ya benki au ya pesa za simu, wala tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako.

Linki usiifuate

Hata ujumbe ukionekana wa kweli kabisa, usibofye linki iliyomo. Fungua programu ya benki uliyonayo kwenye simu, au andika mwenyewe anwani ya tovuti unayoijua, au piga namba iliyo nyuma ya kadi yako. Kama kuna tatizo kwenye akaunti, utalikuta huko. Usipige namba uliyopewa ndani ya ujumbe huohuo.

Ukilazimika kuikagua linki, ibonyeze kwa muda bila kuachia ili anwani yake ionekane, kisha tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Mwenye tovuti hutambulika kwa maneno ya mwisho kabla ya mkwaju huo. Anwani kama "benkiyako.co.tz.hakiki-akaunti.com/ingia" si ya benki hata kidogo, ni ya aliyesajili "hakiki-akaunti.com". Kwa upande wa mtumaji nako, gusa jina lake ili uone anwani kamili, maana simu nyingi huonyesha jina tu.

Ukaguzi huu hunasa matapeli wazembe, lakini usiutegemee peke yake. Mwaka 2017 Equifax ya Marekani ilitangaza kuibiwa taarifa za watu ambao hesabu yao ilikuja kufika takriban milioni 147. Ilifungua tovuti mpya ya kuwasaidia, equifaxsecurity2017.com. Mtaalamu mmoja akasajili securityequifax2017.com ili aonyeshe jinsi ilivyo rahisi kuwachanganya watu. Akaunti ya Twitter ya kampuni yenyewe ikawaelekeza wateja kwenye tovuti hiyo ya kuigiza, tena zaidi ya mara moja.

Linda baruapepe kabla ya akaunti nyingine

Aliyeshika baruapepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingine nyingi. Ipe nywila ndefu isiyotumika popote pengine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Hakikisha namba ya simu ya kurejeshea akaunti bado ni yako, kwa sababu laini iliyoachwa muda mrefu hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine.

Kujua kama anwani yako imo kwenye uvujaji unaofahamika, tumia haveibeenpwned.com, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia. Kwa ukaguzi huo unaandika baruapepe tu.

Usishtuke pia ukipata vitisho vinavyotaja nywila yako. Mwaka 2018 watu wengi walipata baruapepe za mtu anayedai amewarekodi kwa kamera ya kompyuta, akitaka Bitcoin ili anyamaze. Nywila alizotaja zilikuwa za kweli, ila zilitoka kwenye uvujaji wa zamani. Usilipe wala usijibu. Kama nywila hiyo bado unaitumia mahali, ibadilishe.

Ukiwa umeshaandika nywila kwao

Ibadilishe mara moja kupitia tovuti halisi, na popote pengine ulipoitumia. Toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Kisha kagua mipangilio ya baruapepe: wezi huweza kuweka agizo la kujitumia nakala za ujumbe wako, na agizo hilo linaweza kubaki hata baada ya kubadili nywila. Kama ulitoa taarifa za kadi au namba ya siri, ipigie benki au mtandao wako wa simu kabla ya kufanya jambo jingine.

Usiufute ujumbe, ni ushahidi wa kupeleka polisi. Namba za matapeli wa simu Tanzania hutumwa kwenda 15040. Taasisi iliyozembea na taarifa zako inaweza kushtakiwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Tanzania, au ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data Kenya.

Baada ya hapo mtarajie mgeni wa pili. Matapeli huwarudia waliokwisha kulizwa, safari hii wakijiita wakili, mpelelezi au mtaalamu wa kurejesha fedha. Mgeni huyo atataja kiasi ulichopoteza bila kukosea. Akiomba ada ya kuanzia, usimlipe.