Somo la 14: Kiongozi na Muda wa Watu

Mweka hazina hutunza fedha za wenzake. Fedha zikipungua, wenzake humwuliza. Lakini iko mali nyingine ambayo viongozi hukabidhiwa kila siku. Mali hiyo ni muda wa watu. Muda ukipotea, mara nyingi hakuna anayeuliza. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuutunza.

Hesabu ya asubuhi moja

Tuchukue mfano. Kijiji kinachimba mtaro wa bomba la maji. Watu 60 wameitwa saa 1 asubuhi, nao wamefika. Majembe, sururu na makoleo yamo stoo. Ufunguo anao kiongozi. Kiongozi anafika saa 3.

Je, umepotea muda kiasi gani? Wengi watajibu: saa 2. Sivyo. Kila mtu amepoteza saa 2, na watu ni 60. Andika hesabu hii katika daftari lako:

60 × 2 = 120

Zimepotea saa 120. Kama siku ya kazi ni saa 6, tugawanye:

120 ÷ 6 = 20

Ni sawa na watu 20 kukaa bure siku nzima, huku mashamba yao yakingoja palizi.

Hasara haiishii hapo. Siku ya pili watu hawatafika saa 1. Watafika saa 3, maana ndivyo walivyofundishwa. Siku ya tatu wengine hawatafika kabisa. Kisha tutasema wananchi ni wavivu. Je, uvivu huo ulianzia wapi? Wahenga walisema: Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kazi ya asubuhi hutengenezwa jioni

Kabla ya kulala, kiongozi ajiulize maswali 3:

1. Kesho tutafanya kazi gani, na tutaishia wapi?
2. Vifaa gani vinatakiwa, na viko wapi?
3. Nani atafanya nini?

Aandike majibu katika daftari. Jambo lililoandikwa halisahauliki upesi.

Tena, ufunguo usimtegemee mtu mmoja. Kiongozi anaweza kuugua, au kuitwa wilayani. Amchague msaidizi na kumkabidhi ufunguo mapema. Kumpa mwenzako madaraka si kupungukiwa na cheo. Kiongozi mzuri ni yule ambaye hata asipokuwapo, kazi inaendelea.

Kila mtu na kipande chake

Watu 60 wakiambiwa tu "chimbeni", wachache watachimba na wengine watasimama. Wale wachache watachoka, kisha watakasirika. Dawa yake ni kugawa kazi kwa vipande.

Tuseme leo mnataka kuchimba mita 240. Gawanya kwa watu 60. Kila mmoja atapata mita 4. Pima kwa kamba, pigilia vigingi, na kila mtu aonyeshwe mwanzo na mwisho wa kipande chake. Kama fundi wa maji ametaka kina cha mita 1, kata fimbo ya mita 1. Fimbo hiyo ndiyo itakayokagua kazi ya wote, ya mwenyekiti na ya asiye na cheo.

Anayemaliza na kukaguliwa aende shambani kwake. Usimzuie mpaka wote wamalize. Ukimzuia leo, kesho atachimba polepole.

Lakini haki si kugawa sawasawa tu. Penye mawe, kipande kiwe kifupi. Mzee au mgonjwa apewe kazi nyepesi, kama kuandika majina au kugawa vifaa. Na kiongozi naye awe na kipande chake. Watu humfuata anayetangulia, si anayeelekeza kwa kidole.

Uliza kabla ya kukemea

Mama mmoja amechelewa saa nzima. Kiongozi mwenye hasira atamkemea mbele ya watu. Mama atanyamaza, na pengine hatarudi tena. Kiongozi mwenye busara atamwita kando na kumwuliza: "Mama, kuna tatizo gani?"

Huenda atajibu kwamba alitangulia kisimani, na kisima kiko mbali. Kumbe kilichomchelewesha ni shida ile ile ambayo mtaro huu unachimbwa kuiondoa! Basi mkubaliane. Kipande chake ni mita 4, aanze saa 1 au saa 2. Kazi ikipimwa, aliyechelewa kwa sababu ya haki hamwibii mwenziwe.

Kama anachelewa kwa uzembe, mwonye, lakini pia kando. Akirudia, jambo hilo lipelekwe kwenye kikao, nalo liamuliwe kwa utaratibu mliokubaliana wote.

Kisomo chako ni chombo cha kazi

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nchini Tanzania. Shabaha haikuwa kusoma ili kupata cheti tu. Watu walitakiwa kutumia elimu yao kubadili maisha yao. Wewe unayesoma ukurasa huu unaweza kuanza leo. Chora mistari katika daftari na uandike: tarehe, kazi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na waliofika. Mwisho wa juma, wasomee wenzako. Kama mweka hazina husoma hesabu ya fedha, kiongozi naye asome hesabu ya muda.

Maneno ya kujifunza

Kina: urefu wa kwenda chini.
Kipande: sehemu ya kazi aliyopimiwa mtu mmoja.
Kukagua: kuangalia kama kazi imefanywa vizuri.
Madaraka: uwezo wa kuamua na kusimamia jambo.

Maswali

1. Watu 40 wamemngoja kiongozi kwa saa 3. Zimepotea saa ngapi?
2. Watu 30 wanataka kuchimba mita 150. Kila mmoja atapata mita ngapi?
3. Kwa nini aliyemaliza kipande asizuiwe?
4. Jadilianeni darasani: katika kijiji chetu, muda wa watu hupotea zaidi wapi? Nani anaweza kuuokoa? Andikeni jambo moja mtakaloanza kulitekeleza juma hili.