Unataka kuinua pikapu yako? Pima kwanza



Mvua ikianza, njia zetu za udongo mwekundu zinageuka matope na mitaro. Hapo wenye pikapu wengi wanawaza jambo moja: "Nikiinua motokari yangu, haitagusa chini tena." Shauri hilo si baya. Lakini kumbuka kwamba motokari ile ile inabeba wenzako asubuhi kwenda kazini, na siku ya Mungu inabeba bibi na watoto. Ukiinua vibaya, unaponya tumbo la motokari na kuhatarisha watu. Basi tujifunze pamoja namna ya kuchagua.

1. Ni kitu gani kinachogusa chini?

Simamisha motokari pahali palipo sawa, zima mashini, kisha uiname utazame alama za kukwaruzwa.

Kama alama ziko kwenye ponti ya nyuma, ni kusema lile jungu la chuma katikati ya magurudumu mawili, resori mpya hazitakusaidia. Ponti inakaa juu ya magurudumu, nazo resori zinakaa juu ya ponti. Resori ndefu zinainua shasi peke yake. Kinachoinua ponti ni mpira mkubwa zaidi, na unainua nusu tu: mpira ukizidi santimetre 5 kwa upana wake wa duara, ponti inapanda santimetre 2 na nusu.

Kama alama ziko kwenye shasi, tangi au ngazi ya mlango, hapo resori zinaweza kufaa.

Na kama motokari inagusa chini wakati wa mizigo tu, pengine resori zako zimechoka. Weka nyingine mpya za kimo cha kiwanda. Huenda hutahitaji kuinua kitu.

2. Njia za kuinua

a) Resori mpya kamili pamoja na amortisere zake. Ndiyo njia bora. Amortisere sherti ziwe na urefu unaopatana na resori. Zikiwa fupi, zinafika mwisho kila shimo na kukatika.

b) Kuongeza lamu moja, ni kusema chuma bapa kimoja, katika resori za zamani. Inafaa kwa motokari inayobeba mizigo kila siku. Ikiwa tupu, itarukaruka, na gurudumu linaloruka halishiki njia wala halifungi freni vizuri.

c) Kipande cha chuma kati ya ponti ya nyuma na resori. Kiwe kipande kimoja kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Usipange viwili, kimoja juu ya kingine. Usitie mti. Na usikiweke kamwe chini ya resori za lamu za mbele, kwa sababu kikichomoka, volani haitakutii tena.

d) Vipande kati ya karoseri na shasi. Hivi vinatoa nafasi ya mipira mikubwa tu. Shasi inabaki kimo chake cha zamani, nawe unafikiri umepanda.

3. Santimetre ngapi?

Hapa ndipo ajali inapozaliwa. Kila motokari ina kitovu cha uzito wake. Kadiri kinavyopanda, ndivyo motokari inavyopinduka upesi.

Tufanye hesabu. Tuseme kati ya gurudumu la kushoto na la kuume kuna santimetre 150. Nusu yake ni 75. Tuseme tena kitovu cha uzito kiko santimetre 70 juu ya ardhi. Gawanya 75 kwa 70, unapata 1.07. Sasa inua santimetre 10. Gawanya 75 kwa 80, unapata 0.94. Hesabu hiyo ikishuka, nguvu ndogo zaidi ya kando inatosha kuilaza motokari. Na bado hujapakia mifuko ya makala hadi juu ya kabini, wala hujasimamisha watu nyuma.

Mtu mwingine atasema: "Njia ya udongo inateleza, motokari haiwezi kupinduka." Ni kweli, kwanza itateleza. Lakini gurudumu likiteleza hadi kugonga ukingo wa mtaro, linasimama ghafula na mwili wa motokari unaendelea. Ndivyo pikapu nyingi zinavyolala chali.

Kwa motokari ya kazi na ya jamaa, santimetre 3 hadi 5 zinatosha. Ukizidi hapo, pembe za kardani zinaharibika, zinatetemesha na kula viungo vyake. Kwenye motokari ambazo kila gurudumu la mbele lina mkono wake, viungo vya shafti za mbele navyo vinachoka mapema.

4. Resori hazibadilishi uzito unaoruhusiwa

Tazama kibati cha kiwanda. Tuseme kinaruhusu kilo 1,000 za watu na mizigo. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Zinabaki 650, ni kusema mifuko 26 ya unga ya kilo 25. Resori mpya ngumu zitabeba mifuko 40 bila kuinama, lakini freni, ponti, shasi na mipira ni vile vile vya jana. Motokari isiyoinama inakudanganya.

5. Maswali ya kumwuliza mwuzaji

Je, vipande hivi ni vya aina na mwaka wa motokari yangu? Resori hizi ni za uzito gani wa kila siku: tupu, kilo 200, ao kilo 400? Mwambie ukweli, usijisifu. Je, kuna mabuloni mapya ya kufunga resori kwenye ponti? Yale ya zamani yamekwisha kuvutika, yasirudishwe. Je, mirija ya freni itafika bila kuvutika gurudumu likining'inia?

6. Kazi ikimalizika

Pikapu nyingi zina kifaa cha freni kilichounganishwa na ponti ya nyuma kwa kijiti. Nyuma ikipanda, kifaa hicho kinadhani motokari ni tupu, na kinapunguza nguvu ya freni za nyuma. Sherti mekanisye akirekebishe.

Taa za mbele zishushwe, zisipige macho ya wanaokuja. Angalia sana motokari za volani ya kuume zilizotoka Zambia: taa zao zinainama kushoto, na kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako.

Mekanisye anyoshe magurudumu ya mbele. Kama umeweka mipira mikubwa, ujue kipima mwendo kinapunguza: mpira wa santimetre 75 ukibadilishwa kwa wa 80, kikionyesha 80 wewe unakwenda 85.

Baada ya kilometre 500, kaza mabuloni yote tena.

7. Usalama wakati wa kazi

Usilale chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Weka visimamio vya chuma chini ya shasi, na mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Resori ya duara iliyobanwa ina nguvu ya kuua: ifunguliwe kwa chombo chake, na mekanisye anayeijua. Na motokari ya kampuni usiiguse bila ruhusa ya mkubwa wa kazi.

Jipime mwenyewe

— Ponti yako ya nyuma inagusa chini. Je, resori ndefu zitaiinua? (Hapana. Ni mpira.)
— Motokari imeinuliwa na haiinami tena. Je, inaruhusiwa kubeba zaidi? (Hapana. Fuata kibati.)
— Freni za nyuma zimelegea baada ya kuinua. Utatazama wapi kwanza? (Kijiti cha kifaa cha freni, kisha mirija.)

Ndugu, motokari iliyo juu inapita mashimo, lakini haipiti sheria ya uzito. Ukiisha kuinua, punguza mwendo kwenye kona, panga mizigo mizito chini, na wanaokungoja nyumbani watakuona jioni.