Somo la Afya: Presha Haina Sauti



Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa tunapima presha ukumbini. Baba mmoja akaketi mezani, tukampumzisha dakika tano, tukampima mara mbili. Mashine ikaonyesha 176/102. Akacheka: "Mbona sisikii kitu?" Dawa alikuwa nazo, ila alizimeza siku kichwa kinapouma tu. Tukamkemea mbele ya watu. Jumapili iliyofuata hakuja.

Tulipomtembelea kwake, ghorofani hapa Jane na Finch, tukaelewa. Nusu ya vidonge alimtumia mama yake Bukavu, ambaye naye ana presha. Mtoto alikuwa anamtunza mama kwa dawa zake mwenyewe. Tukamwomba msamaha. Somo hili ni kwa kila anayemtunza mgonjwa wa presha nyumbani.

1. Dawa ni ya kila siku. Presha inaweza kuumiza moyo, figo, macho na ubongo kwa miaka mingi bila mtu kusikia maumivu. Kipimo kikiwa kizuri, dawa inafanya kazi. Usiiache bila kumwuliza daktari. Ukisahau kidonge, usimeze viwili pamoja. Usimgawie mwingine: dawa inayokufaa wewe inaweza kumdhuru yeye.

2. Pima vizuri. Mgonjwa aketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kupandanishwa, mkono mtupu mezani usawa wa moyo. Nusu saa kabla, asinywe kahawa wala kuvuta sigara. Pima mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, kwa siku 7. Andika kila kipimo, upeleke daftari kwa daktari. Mwongozo wa Kanada wa 2025 unahesabu 130/80 na zaidi kuwa presha ya juu.

3. Angalia chungu. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari kwenye mkate, supu ya kopo, vidonge vya mchuzi na makayabu. Loweka makayabu na kubadilisha maji zaidi ya mara moja. Sombe itapata ladha kwa kitunguu, tangawizi na pilipili.

4. Uliza kabla ya kukemea. Je, fedha zimepungua? Dawa inaleta kikohozi au kizunguzungu? Mwambie daktari, kwa maana dawa za presha ni za aina nyingi na zinaweza kubadilishwa. Mwulize mfamasia kuhusu msaada wa malipo: Ontario ina mpango wa dawa kwa waliofikisha miaka 65, na Trillium kwa wanaolemewa na gharama. Anayetaka kufunga azungumze kwanza na daktari. Kumeza dawa si kukosa imani. Luka, mwenzake Paulo, alikuwa tabibu.

5. Zijue dalili za hatari. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakivurugika au kifua kikibana, piga 911 papo hapo. Usingoje mchungaji afike. Tutaomba wakati ambulansi iko njiani. Kwa swali lisilo la dharura piga 811, uzungumze na muuguzi usiku au mchana.

Baba yule sasa anameza dawa zake zote. Mama yake alipelekwa kupimwa huko Bukavu, akaandikiwa zake, na sasa mwanawe anatuma fedha ya dawa badala ya vidonge.

Swali la kujadili nyumbani wiki hii: ni nani kati yetu ana dawa asiyoimeza, na tumewahi kumwuliza kwa upole ni kwa nini?

Leo baada ya ibada meza iko ukumbini. Njoo na daftari lako, na vidonge vyako vyote ndani ya mfuko. Hatutakemea mtu.

Amani ya Bwana iwe nanyi.