Mtindi wako unajitenga maji? Usikimbilie mashine ya mgandamizo

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Afisa, mtindi wangu wa kunywa siku ya tatu unatoa maji juu, mwenye duka anarudisha chupa. Nimeona viwanda vya nje vinatumia mashine ya mgandamizo mkubwa. Nikikope ninunue?"

Tuelewe kwanza mashine inafanya nini.

Maziwa yana protini za makundi mawili makubwa. Kaseini ndiyo inayoganda na kutengeneza wavu wa mtindi. Nyingine ni protini za majimaji, ambazo zinaelea tu. Wavu ukiwa dhaifu, maji yanachoropoka.

Kwenye mashine, maziwa hufungwa kwenye chupa za plastiki na kuwekwa ndani ya chuma kizito kilichojaa maji, kisha hugandamizwa kwa megapaskali 400 hadi 600. Hiyo ni karibu mara 4,000 hadi 6,000 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Protini za majimaji zinafunguka na kushikamana na kaseini. Ukitia kimea baada ya hapo, unapata mtindi mzito unaoshika maji.

Ukigandamiza mtindi ambao tayari umeganda, lengo kubwa ni kuua hamira na ukungu ili ukae muda mrefu. Ila mgandamizo ukizidi unaua na bakteria wa kimea, kwa hiyo huwezi tena kuuza kama mtindi wenye bakteria hai.

Sasa habari njema: joto nalo linafungua protini hizo hizo. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaishia nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Hapo umeua vijidudu vya magonjwa, lakini protini nyingi za majimaji bado hazijafunguka.

Fanya hivi:

1. Weka sufuria ya maziwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, yasiungue. Fikisha nyuzi 85, shikilia dakika 30, koroga taratibu.
2. Poza hadi nyuzi 42 au 43, tia kimea kwa kipimo cha kwenye pakiti.
3. Acha yagande saa 4 hadi 6. Usitikise wala kuhamisha chombo.
4. Poza kwanza, ndipo ukoroge polepole uwe wa kunywa. Hifadhi kwenye nyuzi 4.

Usiamini maneno yangu tu, jaribu. Chukua lita 5 pasha nyuzi 72, lita 5 nyingine nyuzi 85 kwa dakika 30. Mengine yote yawe sawa. Weka alama kwenye chupa, kaa nazo kwenye friji siku tatu, kisha pima maji yaliyojitenga.

Mashine ile inagharimu mamia ya maelfu ya dola. Kwa anayesindika lita 100 kwa siku, huo mkopo utakumaliza. Anza na kipimajoto kizuri na friji isiyosumbua.