SOMO LA KIKUNDI: Koti la Mvua Linaloonekana Barabarani



Mvua ya masika ikianza, Machi hadi Mei, ndipo kazi ya barabara inapozidi. Mitaro inaziba, kalvati zinajaa matope, nyasi zinamea upesi. Vikundi vingi hupata pesa kwa kazi hii, na pesa hizo hulipa karo. Lakini wakati huo ndio dereva haoni vizuri. Kioo kina maji, waipa zimechoka, na huko juu kama Limuru ukungu unashuka mpaka chini.

Nilitembelea kikundi kimoja ambacho kila mtu alikuwa na fulana ya riflekta. Nikafurahi. Saa kumi na moja jioni mvua ikaja, na kila mmoja akatoa nailoni nyeusi akajifunika. Riflekta zote zikapotea chini ya nailoni! Mama mmoja alikuwa ameinama akizibua mtaro. Lori likampita karibu sana, likagonga wilbaro yake. Dereva alisimama mbele kidogo, akarudi kwa miguu akitetemeka. Akasema, "Mama, nisamehe. Nilidhani ni gunia."

Hilo ndilo somo letu. Dereva anaona nguo ya juu kabisa, haoni ile ya ndani. Kwa hivyo koti la mvua lenyewe ndilo liwe na rangi na utepe wa riflekta.

1. Rangi ni ya mchana, utepe ni wa usiku

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Ile rangi kali ya kung'aa, ya manjano-kijani au ya machungwa, huchukua miale ya jua tusiyoiona kwa macho na kuigeuza kuwa mwanga tunaouona. Ndiyo maana inang'aa hata siku ya mawingu na wakati jua linatua. Lakini usiku hakuna jua, nayo hubaki rangi ya kawaida tu.

Utepe wa kijivu hufanya kazi nyingine. Ndani yake mna chembe ndogo sana za kioo, au vipande vidogo vya plastiki, ambavyo hurudisha mwanga kule ulikotoka. Taa za gari zikiupiga, mwanga humrudia dereva. Kwa hivyo koti zuri lina vyote viwili.

Angalieni pia barabara yenu. Penye maramu nyekundu, rangi ya machungwa hufifia. Manjano-kijani huonekana zaidi. Penye majani chai na nyasi pande zote, machungwa ni bora.

Kwa nini tujali hivi? Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa kukuona kwa sekunde mbili, ameshamaliza mita 44 kabla hajagusa breki. Na barabara ni telezi.

2. Lipimeni kabla ya kulipa

Nendeni dukani watu wawili, mbebe tochi na chupa ya maji. Ombeni mwenye duka ruhusa.

(a) Mmoja avae koti asimame mahali penye giza, hatua 30 hivi. Mwingine ashike tochi kando ya jicho lake, si kiunoni, kwa sababu mwanga hurudi pale pale unapotoka. Utepe uwake kweli kweli.

(b) Mwagieni utepe maji, mpime tena. Utepe hafifu huzima ukilowa. Koti la mvua linalozima kwenye mvua lina faida gani?

(c) Geuka nyuma, geuka upande. Utepe uzunguke mwili wote na mikono pia. Upana wake usipungue sentimita 5. Suruali yenye utepe miguuni husaidia sana, maana dereva akiona mikono na miguu ikitembea hujua mara moja kwamba huyo ni mtu, si nguzo.

(d) Mwaga maji kwenye mishono, uangalie ndani. Maji hupenyea kwenye matundu ya sindano. Koti zuri mishono yake imezibwa kwa ndani.

(e) Liwe kubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya sweta. Vaa kofia yake kisha ugeuze kichwa. Kama huoni pembeni wala husikii gari likija, liache. Liwe pia na nafasi za kupitisha hewa, la sivyo utalowa kwa jasho badala ya mvua.

3. Na mitumba je?

Mitumba si mibaya. Kuna makoti ya wafanyakazi kutoka Ulaya ambayo bado ni imara. Someni lebo ya ndani. Picha ya fulana yenye namba 1, 2 au 3 inaonyesha kiasi cha rangi na utepe. 3 ndiyo huonekana zaidi. Picha ya mwavuli ni ya mvua: namba moja ni ya kuzuia maji, nyingine ni ya kupitisha jasho, na namba kubwa ni bora. Lakini lebo haisemi koti limefuliwa mara ngapi. Rangi ikiwa imepauka au utepe umechanika, msidanganywe na bei.

Tufanye hesabu. Tuseme koti la shilingi 600 linadumu msimu mmoja, na la shilingi 1,500 linadumu misimu minne. La kwanza ni shilingi 600 kwa msimu. La pili ni shilingi 375. Rahisi ni lipi?

4. Kulitunza

Osheni kwa maji na sabuni kidogo, kwa kitambaa laini. Msisugue utepe kwa brashi, msipige pasi juu yake, msitumie petroli wala dawa ya kung'arisha nguo. Anikeni kivulini, kwa maana jua kali hupausha rangi. Matope yakifunika utepe, ufuteni hapo hapo kazini.

5. Nani alipe?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga kwa wanaofanya kazi ya kulowa. Mkiajiriwa na mwenye kandarasi, mwulizeni kwa heshima kabla ya kuanza. Kikundi chenyewe kikichukua kandarasi, wekeni bei ya makoti katika hesabu yenu tangu mwanzo, kama mnavyoweka majembe na mafyekeo.

Mwisho, koti si ukuta. Wekeni alama za onyo pande zote mbili, mtu mmoja ashike bendera, na mfanye kazi mkielekea magari yanakotoka. Mvua ikizidi au ukungu ukifunga, tokeni barabarani. Mtaro utangoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Mvua ikinyesha, sisi hujifunika nini? Riflekta zetu bado zinaonekana?
2. Ni sehemu gani ya barabara yetu ambapo dereva hutuona akiwa amekaribia sana?
3. Mweka hazina anasema pesa zinatosha makoti matano na sisi tuko kumi. Nani avae, na wengine wafanye kazi gani?

Kazi ya nyumbani: Kabla ya mkutano ujao, kila mtu alete koti lake. Giza likiingia, tupimane kwa tochi. Litakalozima lisirudi barabarani.