KUPAKA RANGI MABATI ISIBAMBUKE



Ukipita katika mashamba ya makazi ya Muhoroni na Koru, hata ukishuka Ahero na kufuata ziwa mpaka Port Victoria, utaona mapaa yaliyopakwa rangi nyekundu au kijani ambayo sasa yana mabaka kama nyoka anayejivua ngozi. Mwenye nyumba husema aliuziwa rangi mbovu. Mara nyingi rangi haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa juu ya bati kabla mkebe haujafunguliwa, au rangi yenyewe haikuwa ya aina inayopatana na bati.

Bati ni chuma chembamba kilichovikwa zinki. Njia ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka ilipewa hataza huko Ufaransa mwaka 1837, na reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, ikawa rahisi kuleta mabati huku kwetu. Zinki hufunika chuma, tena hukubali kuliwa badala yake. Ndiyo sababu mkwaruzo mdogo katika bati jipya haushiki kutu upesi. Basi ukiimaliza zinki kwa kusugua vibaya, umeondoa mlinzi wa nyumba.

Sisi wa ziwani tuna bahati, maana maji yetu hayana chumvi, wala hatupati upepo wa bahari unaokula mabati ya Mombasa. Adui zetu ni moshi wa jiko, mkojo wa ng'ombe bandani, majani yanayooza kwenye gata, na matone ya saruji au chokaa.

Je, bati jipya linahitaji rangi? Hapana. Kama linang'aa bado, tumia fedha za miwa yako kwa jambo jingine. Ngoja mpaka mng'ao uishe na bati liwe la kijivu, lakini usingoje mpaka liwe jekundu. Bati jipya lina mafuta na dawa ya kiwandani juu yake, nayo hukataa rangi. Likikaa juani na mvuani miezi sita au mwaka, hukwaruza kidogo na kushika rangi vizuri zaidi.

Sasa sikiliza kwa makini habari ya rangi ya mafuta, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Rangi ya mafuta ya kawaida ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki, mafuta yake na zinki hushikana pamoja na unyevu na kufanya kitu kama sabuni katikati ya rangi na bati. Nawe wajua sabuni ilivyo. Kwa miezi michache paa hupendeza, kisha rangi huinuka vipande vipande. Nunua rangi ya maji ya akriliki iliyoandikwa kwamba ni ya mapaa ya mabati, au upake kwanza praima iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati ya zinki. Tena hakikisha mkebe unasema haina risasi. Wengi wetu hunywa maji ya paa, na risasi hudhuru akili za watoto. Kama paa lina rangi ya zamani usiyoijua, usiikwangue kavu. Ilowanishe, ukusanye maganda, na watoto wakae mbali.

Kabla ya kuanza, toa gata kwenye tangi. Osha bati kwa maji na sabuni ya unga, ukitumia brashi ngumu ya nyuzi. Akina mama husugua sufuria kwa majivu na mchanga zikang'aa, lakini usifanye hivyo kwa bati: majivu hula zinki na mchanga huikwangua. Petroli nayo usiitumie, kwani huacha utando, tena ni moto. Suuza sana. Kisha mwaga maji kidogo: yakitandaa, bati ni safi; yakijikusanya matone matone, mafuta yapo bado, rudia kuosha.

Unga mweupe huonekana juu ya mabati yaliyopangwa yakiwa yamelowa. Uondoe kwa brashi ileile, taratibu. Kutu nyekundu ndiyo ya brashi ya waya na msasa, pale ilipo tu, kisha paka mahali hapo praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Penye tundu, rangi haitasaidia, badili bati.

Januari na Februari zafaa, kabla ya mvua ndefu. Anza kama saa tatu asubuhi, umande ukikauka, na uache bati likiwa la moto hata mkono hauwezi kulishika. Mvua zetu hupenda kuja alasiri, nayo rangi ya maji yataka saa kadhaa kukauka. Wale wadudu wa ziwani wanaoruka kama moshi wakitokea, ngoja wapite, la sivyo watakaukia humo. Kanyaga penye misumari, kwani chini yake kuna ubao.

Paka mara mbili. Paa la mita 6 kwa 5 kila upande ni mita za mraba 60, na mikunjo ya bati huongeza kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo hesabu 66. Lita moja ikifunika mita 10, utataka karibu lita 13 kwa mipako miwili.

Kwanza jaribu kipande kidogo. Baada ya wiki moja kata alama ya msalaba kwa wembe, bandika utepe wa gundi, uvute kwa nguvu. Rangi ikitoka na utepe, osha tena kabla ya kupaka paa lote.

Usirudishe gata kwenye tangi mpaka rangi ikauke kabisa na mvua mbili tatu zioshe paa.